Karafuu ya Kizimbani na Swali la Asili

Mgeni akitembezwa kwenye mashamba ya viungo Kizimbani, ni rahisi aondoke akiamini karafuu ni ya Zanzibar tangu enzi na enzi. Kumbe wapi! Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Mwaka 1770 watu wa Pierre Poivre, mtawala wa Kifaransa, walifikisha Mauritius miche iliyotoroshwa huko. Mwanzoni mwa karne ya 19, Saleh bin Haramil al-Abri akaileta Unguja, akapanda Mtoni na Kizimbani. Baadaye Seyyid Said akamnyang'anya mashamba. Majina ya wenye mali tunayo. Ya watumwa waliochuma hiyo karafuu, mengi hatunayo.

Swali hilohilo siku hizi nalikuta kwenye kompyuta: hiki kilichomo humu kimepita mikono ya nani?

Chukua Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Programu zake huja katika vifurushi, na kila kifurushi kina kumbukumbu zake: jina, toleo, mtunzaji. Amri ya "dpkg -S" inakuambia faili fulani ni la kifurushi kipi. "apt policy" inakuonyesha ni ghala gani lina toleo ulilonalo. Lakini hapo inalinganisha tu na orodha za maghala ulizonazo leo. Dpkg yenyewe haiandiki kifurushi kiliingilia mlango gani. Futa ghala kwenye orodha, na kifurushi kinabaki yatima: jina kinalo, kwao hakujulikani. Programu uliyonakili kwa mkono ndani ya /usr/local, hiyo dpkg haiijui kabisa.

Kuna ubaya gani? Machi 2024 Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amechangia kwa zaidi ya miaka miwili, na katika kipindi hicho akaaminiwa kutoa matoleo. Sehemu ya hila hiyo haikuwepo kwenye msimbo uliowekwa hadharani. Ilikuwemo kwenye faili la toleo tu, 5.6.0 na 5.6.1. Na muhuri wa faili ulikuwa halali, kwa sababu aliyefunga gunia ndiye aliyelitia sumu.

Kwa hiyo jina na muhuri havitoshi. Inabidi ulinganishe faili la toleo na msimbo wa hadharani, na mtu mwingine aunde kifurushi upya aone kama kinatoka kilekile. Ni kazi ya mwanahistoria hasa: kuweka daftari la forodha pembeni ya barua ya mfanyabiashara, na kuuliza kwa nini hayaelewani.