Viza na Biashara ya Nchi Mbili

Msomaji, usidhani kuwa biashara ya nchi mbili husimama kwa meli na shehena peke yake. Bidhaa haina ulimi. Mwenyewe hana budi kuifuata, aonane na mnunuzi, wapatane bei.

Hapo awali Mwafrika Kusini alipewa viza bila malipo alipofika Kenya, hali Mkenya aliyetaka kwenda kwao aliomba mapema, akalipa, akaonyesha fedha zake na tikiti ya kurudi. Novemba 2022, Rais Ruto na Rais Ramaphosa walipatana Nairobi, na kuanzia Januari 1, 2023, Mkenya akaruhusiwa kuingia bila viza, siku 90 kwa mwaka.

Zingatia basi: nchi imfungiayo mgeni mlango huenda imemfungia mteja wake.