Programu Moja, Kompyuta Thelathini

Chuo kina chumba chenye kompyuta 30, nacho kimenunua programu moja tu. Je, ni haki kuinakili katika kompyuta zote? Ili tupate jibu, na tutazame historia ya jambo hili huko Marekani.

Mwaka 1975 Bill Gates na Paul Allen walitengeneza BASIC, yaani programu ya kumwezesha mtu kuiagiza kompyuta ya Altair kwa maneno mepesi. Iliuzwa katika utepe wa karatasi wenye matundu. Wapenzi wa kompyuta wa chama cha Homebrew, huko California, waliupata utepe mmoja, wakaunakili na kugawiana bure. Tarehe 3 Februari 1976 Gates aliwaandikia barua ya wazi. Alilalamika kwamba walionunua hawakufika 10 katika kila wenye Altair 100, na kwamba ujira wa kazi yao haukufika dola 2 kwa saa.

Mwaka 1980 sheria ya Marekani ilitaja wazi kwamba programu inalindwa kwa haki ya mtungaji. Lakini sheria haina macho katika kila chumba. Kwa hiyo wauzaji wengi walitia kufuli ndani ya disketi. Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, ilidai disketi yake ya asili kila ilipofunguliwa. Matokeo yake? Watu wengine wakauza programu za kuvunja kufuli hizo! Aliyepata taabu ni mnunuzi mwaminifu: disketi ilipoharibika, kazi ilisimama.

Njia iliyovifaa vyuo zaidi ni leseni ya pamoja. Kompyuta kuu huhesabu watumiaji, wala si nakala. Chuo kikilipia nafasi 20, mwanafunzi wa 21 hungoja mwenziwe afunge.

Njia nyingine ilifunguliwa na Richard Stallman. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, inayompa kila mtu ruhusa ya kunakili na kugawa.

Basi, jibu letu ni hili: usinakili bila ruhusa, lakini usidhani kufuli peke yake litaleta uaminifu. Lipia nafasi unazohitaji, au chagua programu ambayo mwenyewe ameiruhusu.

Sasa zungumzeni katika vikundi vyenu: mwanafunzi asiye na fedha na mtengenezaji anayetaka ujira wake, kila mmoja ana haki gani?