Nani Apande Juu ya Bati Kabla ya Mvua?

Hivi umewahi kujiuliza kazi ya kuziba bati linalovuja ni ya nani? Ya mwenye nyumba, au yako wewe uliyemlipa kodi ya miezi sita mkononi? Ukituuliza sisi wapangaji, jibu ni moja: "Ya mwenye nyumba!" Mwenye nyumba naye jibu lake ni moja: "Kwani anayekaa humo ni nani?" Basi ndoo inawekwa katikati ya chumba, kitanda kinasogezwa ukutani, maisha yanaendelea.

Mimi nasema ugomvi huu una historia, tena ndefu kuliko ule mkataba wa ukurasa mmoja tunaochapishiwa kwenye duka la fotokopi. Na mahali pazuri pa kuianzia si Kariakoo wala Sinza. Ni Bashay, kule Mbulu, mkoani Manyara, kwa Wairaqw.

Nimepachagua Bashay kwa sababu vijijini huko kupanga nyumba ni jambo la juzi juzi tu. Anayepanga mara nyingi ni mgeni: mwalimu aliyepangiwa shule, muuguzi, mtendaji aliyehamishwa. Wenyeji wanajenga. Kwa hiyo bado unaweza kuona kwa macho tofauti kati ya nyumba ambayo kazi yake ya kila mwaka ina mwenyewe, na nyumba ambayo kazi hiyo haina mwenyewe.

Turudi nyuma kidogo. Nyumba ya zamani ya Mwiraqw ilikuwa tembe. Ilichimbwa ubavuni mwa kilima, mgongo wake ukiingia ardhini, juu paa bapa la miti, nyasi na udongo. Ukitokea upande wa juu ungeweza kupita bila kujua kwamba chini yako kuna watu na ng'ombe. Wazee husimulia kwamba kujificha huko kulikuwa kinga dhidi ya wavamizi wa mifugo, hasa Wamasai.

Sasa fikiria paa la udongo. Kiangazi linakauka na kupasuka. Mvua zikianza, maji yanaingia kwenye nyufa, udongo unalowa, uzito unaongezeka, na nguzo iliyoliwa na mchwa ndipo inapokumbuka kuvunjika. Paa la namna hiyo halikusubiri mtu apate nafasi. Mvua za huko zinaanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei, kwa hiyo nyufa zilipaswa kuzibwa, majani yang'olewe na kuta zikandikwe upya kabla ya hapo. Hakuna aliyeuliza ni kazi ya nani. Aliyejenga ndiye aliyelala chini ya paa hilo, na ndiye ambaye lingemwangukia.

Wakaja Wajerumani na kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Hapa kuna jambo dogo la lugha linalonifurahisha. Kiswahili kinatumia neno moja, kodi, kwa pesa unayoipa serikali na kwa pesa unayompa mwenye nyumba. Kodi ya Mjerumani ulilipa kwa nyumba yako mwenyewe, na baada ya kulipa paa lilibaki jukumu lako. Kodi ya chumba ni kinyume chake: unalipa kwa nyumba ya mtu, na unategemea kwamba pesa hiyo itarudi siku moja kama misumari na bati. Ndipo matatizo yanapoanza!

Mijini tulianza mapema. Nyumba ya Kiswahili, ile yenye korido katikati, vyumba huku na huku na uani nyuma, ndiyo iliyowapokea watu waliohamia Dar es Salaam. Mwenye nyumba mara nyingi aliishi humo humo. Usafi ulikwenda kwa zamu: wiki hii chumba hiki kinafagia uani na kuosha choo, wiki ijayo chumba kingine. Paa likivuja, mwenye nyumba naye alilowa. Kumbe siri ilikuwa hiyo, si wema wake.

Kisha serikali nayo ikawa mwenye nyumba. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Aprili 1971 ikapitishwa sheria ya kutaifisha majengo: jengo lenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, ambalo mwenyewe hakulikalia lote, likawa mali ya umma. Wengi wa walioguswa walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia. Majengo yakakabidhiwa kwa Msajili wa Majumba, na watu wazima wa leo bado wanakumbuka "nyumba za Msajili" za Dar, Arusha, Moshi na Tanga.

Nia ilikuwa nzuri: mfanyakazi wa kawaida apate pa kuishi mjini bila kunyonywa. Kodi ikadhibitiwa kisheria ili isimshinde. Lakini kodi ikibaki chini huku bei ya saruji na rangi inapanda, matengenezo yanakufa kwanza. Mfereji wa paa ukianguka, unaachwa. Rangi ikibanduka, inaachwa. Mpangaji aliyeweza akatengeneza kwa pesa yake, na akiondoka akamdai mpangaji mpya kilemba. Mwaka 1990 Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba, na mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi ikafutwa.

Wapo wanaosema hilo linathibitisha kwamba soko huria ndilo dawa. Mimi sikubaliani. Leo kodi haidhibitiwi, inapanda kila mwaka, na ndoo bado iko katikati ya chumba! Kodi ndogo iliua matengenezo, ni kweli. Ila kodi kubwa peke yake haijayafufua. Angalia tunavyolipa: miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Umelipa Januari. Kufika Oktoba, wakati wa kupanda juu ya bati, pesa yako imeshakuwa ada ya shule au tofali za nyumba nyingine. Mwenye nyumba halali humo, na wewe hujui kama mwakani utakuwemo. Kila mmoja ana sababu nzuri ya kusubiri.

Turudi Mbulu. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya Watanzania kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa, na Wairaqw wengi walikuwamo. Makazi yakapangwa kwa mistari, na kadiri miaka ilivyokwenda tofali na bati vikachukua nafasi ya tembe. Baadaye ikaja MMEM mwaka 2002, zikafuata sekondari za kata, na walimu wengi wakapelekwa vijijini kuliko nyumba za walimu zilizokuwapo. Hapo ndipo chumba cha kupanga kilipoingia Bashay na vijiji vingi vya aina yake.

Na bati linadanganya. Paa la udongo lilikudai kila mwaka, ukitaka usitake. Bati linakaa kimya miaka mitano, kumbe mpira wa msumari umeoza, kutu imeanza, na majani yaliyojaa kwenye mfereji yanarudisha maji ukutani. Kikianza kuvuja, mwalimu aliyepanga ameshahamishwa, amekuja mwingine ambaye hajui lolote.

Wala tusiseme Watanzania hatujui usafi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Wakajifunza kuhusu malaria na maji, wakafyeka majani, wakachimba vyoo. Desemba 9, 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa, tukashika mafagio badala ya kutazama gwaride. Kampeni hizi zilifanikiwa pale ambapo kila mtu alijua kipande chake. Lakini zote zilifagia mtaa na uwanja. Hakuna kampeni iliyopanda juu ya paa la nyumba ya kupanga.

Sheria, kwa mshangao wa wengi, imepanda. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 88, inamtaka anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta za nje, mifereji mikuu na sehemu za pamoja, na chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu. Kifungu cha 89 kinamtaka mpangaji naye atunze alichokabidhiwa na akirudishe kama alivyokikuta, ila hadaiwi uchakavu wa kawaida. Ardhi ya vijiji ina sheria yake, Na. 5 ya mwaka huo huo, lakini mgawanyo huu unaweza kuuandika popote, hata Bashay.

Basi andika! Kabla ya kulipa, ongeza mistari mitatu kwenye mkataba wako. Wa kwanza: kila Oktoba paa, misumari na mifereji vinakaguliwa, gharama kwa mwenye nyumba, na ukilipa wewe inakatwa kwenye kodi inayofuata. Wa pili: kila Juni, mvua zikishaisha, mpangaji anasugua ukungu, anaosha tangi la maji na kuangalia mchwa kwenye miimo ya milango. Wa tatu: uani na choo ni zamu, majina yabandikwe ukutani. Na kama mwenye nyumba atakubali kupokea kodi ya miezi mitatu mitatu, afadhali zaidi, maana pesa itakuwepo wakati mvua inakaribia.

Mababu wa Kiiraqw hawakuwa na mkataba kwa sababu hawakuuhitaji. Aliyeziba ufa na aliyelala chini yake walikuwa mtu mmoja. Sisi tumewagawa kuwa watu wawili, na tukasahau kuigawa kazi.