Maneno yenye maana mbili

Baba akimwambia mtoto: «Panda mti!», mtoto atafanya nini? Atashika jembe na kuchimba shimo, au atakwea mpaka matawini? Neno ni lile lile. Kama baba ana mche mkononi, mtoto anafahamu. Kama anaonyesha maembe yaliyoiva juu, anafahamu vilevile. Basi neno halisemi peke yake; mambo yanayolizunguka yanasema pamoja nalo.

Kiingereza kina maneno ya namna hiyo mengi sana. Anayejifunza lugha hiyo anakutana na «bank»: ni nyumba ya kuweka feza, tena ni ukingo wa mto. Anakutana na «spring»: ni chemchemi, tena ni majira yanayofuata baridi, tena ni kuruka. Hayo kamusi inayaeleza upesi. Yanayotudanganya zaidi ni maneno madogo ya kila siku, kwa sababu tunadhani tunayajua. Tusimulie habari moja ya kweli ya Uingereza, tuone hatari yake.

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1952, vijana wawili walipanda juu ya paa la ghala moja huko Croydon, kusini ya London, wakitaka kuiba. Christopher Craig alikuwa na miaka 16, tena alikuwa na bastola. Mwenzake, Derek Bentley, alikuwa na miaka 19; hakujua kusoma, na akili yake ilikuwa kama ya mtoto. Polisi wakafika, na mmoja wao, Frederick Fairfax, akamkamata Bentley. Mapolisi watatu walishuhudia baadaye kwamba walimsikia Bentley akimwita mwenzake kwa sauti: «Let him have it, Chris!» Craig akafyatua bastola, akamjeruhi Fairfax begani. Kama robo saa ikapita, Bentley amekwisha kukamatwa, ndipo Craig akampiga risasi polisi mwingine, Sidney Miles, akafa.

Tupime maneno hayo. Tukiyafasiri moja moja, tunapata: «Mwache awe nacho», ndiyo kusema, mpe. Pengine basi Bentley alitaka bastola itolewe kwa polisi. Lakini Waingereza hutumia maneno yale yale kwa kusema: «Mpige!» Kwa maana ya kwanza Bentley alikuwa anazuia ubaya, kwa maana ya pili alikuwa anauchochea.

Kwenye kesi vijana wote wawili walikana kwamba maneno hayo yalisemwa. Hawakusadikiwa. Craig alifungwa tu, kwa sababu sheria haikuruhusu kumnyonga mtu asiyetimiza miaka 18. Alifunguliwa mwaka wa 1963. Bentley, ambaye hakumpiga mtu risasi, alihukumiwa kufa. Wale watu 12 walioamua kesi waliomba ahurumiwe, na wajumbe wa Bunge kama 200 waliomba vilevile. Waziri David Maxwell Fyfe alikataa. Tarehe 28 Januari 1953 Bentley alinyongwa.

Dada yake Iris hakunyamaza. Mwaka wa 1993 serikali ilisamehe ile adhabu ya kunyongwa, lakini kosa lilibaki. Iris alikufa mwaka wa 1997. Tarehe 30 Julai 1998, waamuzi wa rufani walifuta hukumu yote, wakisema kwamba kesi haikuendeshwa kwa haki.

Tukisikia neno lenye njia mbili, tusikimbilie ile inayotujia kwanza. Tuulize: nani amesema, kwa nani, mahali gani, na palikuwa na nini mbele yao? Tuulize pia kama kweli limesemwa. Mtoto asiyefahamu «panda mti» atashuka, achukue jembe, na mambo yamekwisha. Kosa la kesi ya Bentley lilingoja miaka 45 kusahihishwa, na mwenyewe hakuwapo kusikia.