Ushanga usiodondoka: Kushonea shanga kwenye kitambaa cha mshono wa msalaba

Kitambaa cha mshono wa msalaba kikitiwa shanga hupanda thamani papo hapo. Ua lililokuwa bapa hupata umande, jicho la ndege hung'aa, na jina la bibi harusi husomeka kutoka mlangoni. Lakini thamani hiyo yote imeshikwa na uzi. Ushanga mmoja ukidondoka katika ufuaji wa kwanza, mnunuzi haangalii mia mbili zilizobaki. Huangalia pale palipo wazi, na siku nyingine humpelekea kazi mtu mwingine.

Mimi hudarizi Gesima, katika Kaunti ya Nyamira. Vitambaa vyetu vya meza na makochi husafiri sana, na vingi hufika Pwani mikononi mwa ndugu na jamaa wanaofanya kazi au walioolewa huko, vikiwa zawadi za harusi au za nyumba mpya. Huku kwetu kwenye majani chai kuna baridi na mvua, na kitambaa huchelewa kukauka. Huko kwenu kuna joto, jasho na maji ya visima yenye chumvi. Kazi iliyoshonwa vizuri hustahimili hali zote mbili, na kanuni yake ni moja: kila ushanga ushikwe kivyake, usitegemee wa jirani.

Ushanga ulingane na kijumba

Kitambaa cha kuhesabu, ambacho wauzaji hukiita aida, hupimwa kwa idadi ya vijumba katika inchi moja. Cha 11 kina vijumba vya milimita 2.3 hivi, cha 14 kina vya milimita 1.8, na cha 18 kina vya milimita 1.4. Shanga ndogo za kioo nazo zina namba, na namba ikipanda ushanga hupungua. Namba 8 ina upana wa kama milimita 3, namba 10 ni milimita 2.3, namba 11 ni zaidi kidogo ya milimita 2, na namba 15 ni kama milimita 1.5.

Kwa hiyo namba 10 hukaa vizuri kwenye kitambaa cha 11. Namba 11 ndiyo ya kitambaa cha 14, ingawa zitabanana kidogo, na namba 15 ni ya kitambaa cha 18. Ukijaza ua zima kwa shanga kubwa kuliko vijumba, zitasukumana, kitambaa kitajikunja na uzi utakazwa kupita kiasi. Kama dukani kuna shanga kubwa tu, ruka kijumba kimoja kila baada ya ushanga.

Shanga nyingi za kioo zinazotumiwa nchini kwa mapambo ya Kimaasai hutoka Jamhuri ya Cheki, ambako mji wa Jablonec umekuwa kitovu cha kazi hiyo kwa muda mrefu. Hizo ni nzuri kwa kazi hii. Za plastiki ni rahisi kwa bei, lakini hulainika chini ya pasi ya moto.

Zijaribu kabla hujazishona

Chukua shanga kama kumi za kila rangi, uziloweke usiku mmoja kwenye maji ya sabuni ya kufulia, kisha uzisugue kwenye kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, hizo hazifai kwa kitu kitakachofuliwa. Baadhi ya shanga zimepakwa rangi juu tu, na nyingine zimetiwa rangi ndani ya tundu. Zote mbili zinaweza kuchujuka na kuacha doa kwenye kitambaa cheupe.

Jaribio la pili ni la tundu. Pitisha uzi ndani ya ushanga, uuvute mbele na nyuma mara ishirini. Uzi ukiota manyoya, ukingo wa tundu ni mkali na siku moja utaukata. Tupa pia shanga zilizopasuka au zenye upande mmoja mwembamba.

Sindano na uzi

Sindano butu ya mshono wa msalaba, ile namba 24, ni nene mno kwa tundu la ushanga namba 11. Tafuta sindano ya shanga, au sindano nyembamba ya kudarizi namba 10. Ncha yake ni kali, kwa hiyo angalia ipite kwenye tundu la kitambaa bila kutoboa nyuzi za msalaba uliokwisha kushonwa.

Kuhusu uzi, mimi hupendelea uzi wa cherehani wa poliesta wenye rangi ya kitambaa, au rangi ya ushanga ikiwa ushanga unapitisha mwanga. Poliesta haiozi upesi kwa unyevu, na huvumilia kusuguliwa na kioo kuliko pamba. Ukitumia uzi wa kudarizi wa nyuzi sita, chambua nyuzi mbili. Mshipi wa kuvulia samaki una nguvu, lakini ni mgumu, fundo lake huteleza, na ukikazwa huikata pamba ya kitambaa.

Urefu wa uzi usizidi dhiraa moja ukiwa umekunjwa mara mbili. Uzi mrefu hupita ndani ya shanga nyingi mno, na kila mpito huula kidogo.

Kuanza bila fundo

Fundo la kawaida mwishoni mwa uzi litapenya tundu la aida. Badala yake, kunja uzi katikati na utie ncha zote mbili kwenye sindano, ili mwisho wa uzi ubaki kitanzi. Toboa kutoka nyuma, shuka tena kwenye tundu la jirani, kisha upitishe sindano ndani ya kitanzi na ukivute taratibu. Uzi umejifunga, nawe una nyuzi mbili za kufanyia kazi.

Njia tatu za kuukamata

Ya kwanza ni nusu msalaba. Sindano hutoka kona ya chini kushoto, huchukua ushanga, na kuingia kona ya juu kulia. Ushanga hulala mshazari. Ni njia ya haraka, lakini ushanga una nafasi ya kuyumba. Itumie kwa picha ya ukutani inayowekwa kwenye fremu yenye kioo, ambayo haitafuliwa.

Ya pili ni msalaba wa kugawanya uzi. Shona nusu ya kwanza kama hapo juu. Kisha toka kona ya chini kulia, tenganisha nyuzi zako mbili, moja ipite upande huu wa ushanga na nyingine upande ule, halafu sindano iingie kona ya juu kushoto. Nyuzi hizo huukumbatia ushanga, nao hutulia. Hii ndiyo njia ninayoitumia kwa kitambaa cha meza na cha kochi.

Ya tatu ni kupita mara mbili. Nusu ya pili ya msalaba ipite tena ndani ya ushanga, kutoka kona ya chini kulia hadi ya juu kushoto. Ushanga husimama wima na hushikwa na kona zote nne. Inafaa kwa shanga zenye tundu kubwa, na kwa sehemu zinazoguswa sana kama ukingo wa kitambaa.

Njia yoyote utakayochagua, nusu ya kwanza ielekee upande mmoja kazi nzima. Shanga mbili zikilala kinyume na wenzake, jicho huziona kabla ya kuliona ua.

Upande wa nyuma ndio unaoamua

Niliwahi kuletewa nikitengeneze kitambaa cha harusi ambacho mshonaji wake alipitisha uzi mmoja kutoka mwanzo wa ukingo hadi mwisho bila kuufunga popote. Uzi ulikatika mahali pamoja, na kufikia siku ya tatu upande mzima ulikuwa umeachia. Mwenyewe alikuwa ameziokota shanga kwenye zulia na kuzitia kwenye kikombe.

Ili hasara isifike hapo, geuza kazi kila baada ya shanga tano, pitisha sindano chini ya mshono wa nyuma, kisha ndani ya kitanzi chake, ukaze. Uzi ukikatika baadaye, zitakazolegea ni hizo tano tu. Usivushe uzi kwa nyuma kutoka ua moja hadi jingine lililo mbali: utaonekana kwa mbele na utanaswa na vidole wakati wa kufua. Ukimaliza, pitisha uzi chini ya mishono mitano, urudi kinyume chake, ndipo ukate.

Gundi haichukui nafasi ya uzi. Huacha doa, hukauka ikawa ngumu, na ile ya moto hulainika tena kitambaa kikipigwa pasi.

Shanga ziwe za mwisho

Maliza kwanza misalaba yote. Fua kitambaa, kikaushe, kipige pasi, ndipo ushone shanga. Ukianza nazo, uzi wa misalaba mingine utanaswa humo, na ringi ya kushikia kitambaa itazibana hadi zipasuke. Kama sehemu yenye shanga inaingia chini ya ringi, ivue na ushikilie kitambaa mkononi, au tumia fremu pana inayoacha picha yote katikati.

Mwaga shanga kwenye kipande cha blanketi kuukuu. Hazitakimbia, na unaweza kuziokota kwa ncha ya sindano. Usiache sindano kwenye kazi usiku kucha, hasa Pwani: hewa ya chumvi huila chuma, na doa la kutu halitoki kirahisi.

Kufua na kupiga pasi

Mpe mnunuzi maagizo haya kwa maandishi. Afue kwa mkono, kwa maji baridi na sabuni laini, bila Jik. Asisugue wala kukamua kwa kusokota. Akiwa na maji ya kisima yenye chumvi tu, suuzo la mwisho liwe la maji matamu au ya mvua. Akibane ndani ya taulo, kisha akianike kivulini kikiwa kimelazwa. Pasi ipite upande wa nyuma, shanga zikiwa zimelala juu ya taulo nene.

Bei, na nyumba yenye mtoto

Wengi wetu hutoza bei ya kitambaa na kusahau saa za shanga. Ukingo wa mraba wenye vijumba 60 kila upande unahitaji shanga 236. Shona 20 huku ukitazama saa. Zikichukua dakika 10, ukingo huo utakula karibu saa 2 nzima, mbali na misalaba. Mwambie mteja hesabu hiyo kabla ya kuanza. Akiona ni ghali, mpunguzie shanga: ukiruka kijumba kimoja kila mara zitabaki 118. Usipunguze mafundo ya nyuma, kwa sababu hapo ndipo anaponunua uimara.

Na kuna kazi ya kukataa. Kitambaa cha mtoto mchanga, shuka lake au nguo yake visitiwe shanga hata mteja akisisitiza. Mtoto hutia kila kitu mdomoni, na ushanga unaweza kumkaba. Mshonee vifundo vya uzi mahali pa shanga, vitapendeza vilevile.

Kabla hujakabidhi

Tandaza shuka jeupe sakafuni, ukung'ute kitambaa juu yake mara kadhaa. Pitisha kiganja juu ya shanga zote, kisha usukume kwa ukucha zile za ukingoni. Unaoyumba ufunge upya siku hiyohiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwisho, shona mfuko mdogo wenye shanga kumi za akiba za kila rangi uliyotumia, uambatane na kitambaa. Shehena inayofuata dukani huenda isiwe na rangi ileile, na aliye Likoni au Malindi hataweza kukirudisha Gesima kwa ajili ya ushanga mmoja.