Nani Aliyelisukuma Gari?

Juni 1907 magari matano yaliondoka Peking kuelekea Paris, kwa mwaliko wa gazeti la Kifaransa Le Matin. Lenye nguvu kuliko yote lilikuwa Itala la prinsi wa Kiitalia, Scipione Borghese. Dogo kuliko yote lilikuwa Contal la Auguste Pons, chombo cha magurudumu matatu. Kaskazini mwa Peking njia za milimani zilikuwa za ngamia na nyumbu, na huko injini hazikufua dafu. Itala likafungwa kamba, likavutwa na vibarua wa Kichina hatua kwa hatua mpaka likavuka. Pons aliishiwa petroli katika jangwa la Gobi, akaliacha gari lake mchangani. Borghese aliingia Paris Agosti 10, na jina lake likabaki vitabuni pamoja na la mwandishi aliyesafiri naye, Luigi Barzini. Waliovuta kamba walirudi makwao.

Tangu hapo safari za mashindano za masafa marefu zimezaa desturi nyingi, na zile za magari madogo ya zamani ndizo ninazozipenda zaidi. Kila moja ina fahari yake. Mimi nazipima kwa swali moja tu: gari linapokwama, nani anashuka kulisukuma, na mtu huyo ana nafasi gani katika simulizi?

Tuanze na Wafaransa, kwa sababu ndio waliolipa gari dogo heshima ya kusafiri mbali. Citroën 2CV ilioneshwa Paris mwaka 1948, gari lililokusudiwa mkulima: lipite shamba lililolimwa na mayai yaliyo kapuni yasivunjike. Injini yake ya silinda mbili inapozwa kwa hewa, kwa hiyo haina rejeta ya kuchemka wala maji ya kuhofia jangwani. Springi za mbele na za nyuma zimeunganishwa, gari likaelea juu ya makorongo. Zaidi ya hayo yote ni jepesi. Wanaume wachache wakishika bampa na kuhesabu moja, mbili, tatu, linatoka mtaroni.

Vijana wawili, Jacques Séguéla na Jean-Claude Baudot, waliizunguka dunia nalo mwaka 1958 na 1959. Kisa chao maarufu ni cha jangwa la Atacama, Chile: gia boksi iliishiwa oili, wakaijaza ndizi, wakaendelea. Nikikisoma kisa hicho simwoni Mfaransa mwenye maajabu. Naona akili ile ile ya dereva wa lori wa kwetu anayeziba tundu la tangi la petroli kwa kipande cha sabuni ya mche. Uhaba hufundisha ufundi unaofanana kila mahali.

Mwaka 1970 Citroën yenyewe ikaandaa msafara wa Paris hadi Kabul na kurudi, zaidi ya kilomita 16,000, mamia ya magari yaliyojaa vijana. Mwaka uliofuata wakaenda Persepolis, Iran. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Afrika, kutoka Abidjan hadi Tunis, kilomita 8,000 kupitia mchanga wa Ténéré. Misafara ile ilikuwa na utu. Gari la bati jembamba halimtishi mtu. Likiingia kijijini watoto hulizunguka, wazee huuliza linakula mafuta kiasi gani. Lakini pia ilikuwa ya kiwanda kilichotaka kuuza magari, na barabara zile zilitegemea amani ya wenyeji. Mapinduzi ya Iran na uvamizi wa Kisovieti nchini Afghanistan, yote ya 1979, yaliifunga njia ya Kabul kwa vijana wa namna ile.

Mrithi wa desturi hiyo ni 4L Trophy, iliyoanzishwa 1997. Wanafunzi wa Ulaya huendesha Renault 4, gari lililoanza kutengenezwa 1961, kutoka Ufaransa hadi Morocco. Hawashindani kwa kasi. Anayefika kwa kusoma ramani vizuri na kwa njia fupi ndiye anayesifiwa. Kila gari hubeba vifaa vya shule kwa ajili ya watoto. Nayaheshimu mashindano haya, ila picha zake huniumiza kidogo. Renault ikizama mchangani, wanafunzi huvutana wenyewe kwa kamba, na waandaaji wana mafundi wao. Kwa hiyo Mmorocco anaonekana pale tu anapopokea daftari. Nchi yenye mafundi hodari wa magari ya Kifaransa, wanaozijua Renault 4 skrubu kwa skrubu, inaingia kwenye simulizi ikiwa imenyoosha mikono. Mwanafunzi angerudi na elimu kubwa zaidi endapo angelazimika kumtafuta fundi huyo, amlipe, anywe chai naye.

Waingereza walikwenda upande mwingine kabisa. Mongol Rally, iliyoanza 2004, inataka gari dogo kwa sababu halifai. Injini isizidi ukubwa uliowekwa, awali lita moja. Njia ujichagulie, mafundi wa kukufuata hakuna. Kikundi kinachangisha fedha za hisani, kisha kinaondoka Ulaya kuelekea mashariki, miaka ya mwanzo hadi Mongolia yenyewe, na vijigari vilivyotengenezwa kwa ajili ya kwenda sokoni. Hapa mwenyeji anarudi mahali pake. Chuma kikivunjika nyikani Kazakhstan, mwenye mashine ya kuchomelea ndiye mkubwa wa wote, na madereva wenyewe husimulia hivyo kwa shukrani ya kweli. Kinachonisumbua ni kitu kingine. Kwa msafiri, kuharibikiwa ndiko raha ya safari, ndicho kisa atakachokwenda nacho nyumbani. Kwa yule fundi, gari kuukuu lenye injini ndogo ndilo linalompeleka mgonjwa hospitali. Wanainama pamoja juu ya boneti moja, na mmoja wao tu ndiye aliyechagua tabu hiyo.

Afrika Mashariki ilifika kwa njia ya tatu. Mashindano ya magari yaitwayo Safari yalifanyika mara ya kwanza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa mashindano ya zama za ukoloni, na Mwafrika wa miaka ile aliyatazama akiwa kando ya njia. Hilo lisifichwe. Hata hivyo kanuni yake ya mwanzo ilikuwa na mantiki ambayo Ulaya haikuwa nayo: magari yawe yale yale yanayouzwa dukani, na yapangwe kwa makundi ya bei. Hakuna aliyechagua gari dogo kwa mzaha au kwa mapenzi ya zamani. Swali lilikuwa la mnunuzi: je, gari hili litadumu kwenye barabara zetu?

Majibu yalipatikana topeni. Mashindano yalikuja kuwekwa wakati wa Pasaka, masika yamekolea, na udongo mweusi ule ukinata kwenye tairi hauachii. Volkswagen ya mgongo wa duara ilishinda 1954, 1957 na 1962. Uzito wa injini ulikuwa juu ya magurudumu yanayoendesha, na tumbo lake la bati bapa liliteleza juu ya tope pale ambapo magari mengine yalikwaa. Mwaka huo wa 1962 Pat Moss alishika nafasi ya tatu kwa Saab 96, kigari chenye injini ya mapigo mawili. Miaka miwili baadaye Erik Carlsson alikwama na Saab kama hiyo. Yeye na Gunnar Palm wakaibingirisha ubavu kwa ubavu mpaka ikatoka kwenye tope, wakamaliza wa pili. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho kati ya 84.

Kisha ikaja Peugeot 404: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania. Gari hilo hilo lilibeba abiria na mizigo kati ya miji yetu kwa miaka mingi. Mtu aliyesimama kando ya barabara alfajiri, mwavuli wa jani la mgomba kichwani, aliyatazama mashindano kama abiria, kama fundi, au kama mtu anayehesabu akiba yake. Alijua springi ipi hukatika kwanza. Huko Kabul 2CV ilikuwa mgeni. Hapa 404 ilikuwa ya nyumbani, na mtazamaji alikuwa na haki ya kuihukumu.

Mwaka 2003, miaka hamsini baada ya ile ya kwanza, ilianza Safari ya magari ya zamani, na imeendelea hadi sasa. Ni mashindano mazuri kuyatazama. Lakini waliotangulia mbele kwa muda mrefu ni Porsche 911, na nyuma yao malori ya spea na mafundi wa kuajiriwa. Gari la zamani limebaki. Udogo wake umepotea, na pamoja nao ile hukumu ya mtu wa kando ya njia. Ningependa waandaaji watenge kundi la injini ndogo, wamruhusu fundi wa gereji ya mji wowote njiani atengeneze gari, na jina lake liandikwe kwenye matokeo.

Si ombi geni. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa mashindano, na aliwahi kufanya doria barabarani kwa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake kuwanusuru waliokwama. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walichukua Volvo PV544 iliyokwishatumika na wengine, wakaitengeneza kwa mikono yao, wakaishinda Safari. Akashinda tena 1974 kwa Mitsubishi Lancer, na mara ya tatu 1976.