Jumanne za Karl Menger

Mwaka jana, usiku, rafiki yangu alinipigia simu. Tulilala chumba kimoja hosteli miaka ya shahada ya kwanza. Mimi nikaishia magazetini, yeye akabaki na hesabu zake, na sasa yuko mwaka wa tatu wa uzamivu. "Kaka, wewe si mwandishi? Niandikie barua ya kuomba chumba."

Chumba cha nini? Walitaka semina yao wenyewe, wanafunzi wa uzamivu watupu. Wasimamizi wasiwepo, maksi zisiwepo, na wala pasiwe na cheti cha ushiriki. Kila mmoja amekwama mahali pake, akaniambia, na hakuna anayejua mwenzake amekwama wapi. Wanakutana kwenye foleni ya ada tu, na pale wanaongea habari za ada.

Barua niliandika. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, na lilikuwa swali: shughuli hiyo iko chini ya nani? Sasa hapo ndipo penyewe. Haikuwa chini ya mtu.

Katika kusubiri huko nikaanza kusoma watu wengine walifanyaje. Mimi hesabu ziliniacha kidato cha nne, lakini mwandishi ana haki ya kufuatilia habari za watu wanaojua asichokijua. Nikapitia hiki na kile, hadi nikafika Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1928, na sijatoka huko vizuri hadi leo.

Karl Menger alikuwa na miaka 26. Baba yake, Carl, alikuwa mchumi mashuhuri ambaye mpaka leo wanafunzi wa uchumi wanamsoma. Mtoto alirudi Vienna mwaka 1927 baada ya miaka miwili Amsterdam kwa Brouwer, mwanahisabati mkubwa na mgomvi mkubwa vilevile, na mwaka uliofuata akawa profesa wa jiometria. Wanafunzi wakamfuata na ombi: tunataka mahali pa kuzungumza hisabati nje ya ratiba. Naomba usipite haraka hapo. Wazo lilitoka kwa wanafunzi. Yeye alichofanya ni kukubali, kisha kulitunza.

Wakakutana kila Jumanne ya pili, muhula kwa muhula. Ratiba ilikuwa nyepesi: leo mwanachama anaeleza kazi yake, siku nyingine mgeni aliyepita mjini anaombwa aseme neno, siku nyingine mtu anaripoti kitabu au makala mpya, na siku nyingine wanaweka mezani swali ambalo hakuna aliyelijibu. Tarski alikuja kutoka Warsaw mwaka 1930 akazungumza. Walikiita kikao chao kolokiamu. Chumba kilikuwa cha chuo, meza za kawaida, ubao wa kawaida.

Menger aliandika kumbukumbu, na ndicho kitu ambacho mimi, kama mtu wa daftari, kilinifanya nikae sawa kwenye kiti. Nani alisema nini, tarehe gani, kikao cha ngapi, na nani aliongeza neno baada ya mada. Kila mwaka akazitoa kama kijitabu: *Ergebnisse eines mathematischen Kolloquiums*. Kwa Kiswahili ni kama kusema "Matokeo ya Kolokiamu Moja ya Hisabati". Moja tu, kana kwamba zipo nyingi na hii imeokotwa. Matoleo manane yalitoka. Mwaka 1998 yalichapishwa upya yote katika juzuu moja, na ukilifungua unakuta mambo mafupi mafupi, mengine ukurasa mmoja, mengine hata ukurasa haujai.

Baadhi ya kurasa hizo fupi ni za kijana mmoja mkimya aliyesaidia pia kuzihariri. Jina lake Kurt Gödel. Mwaka 1930 alikuwa amegundua kwamba ukiwa na mfumo wa kanuni usiojipinga, unaotosha kufanyia hesabu za namba hizi tunazohesabia, na ambao kanuni zake zinaweza kukaguliwa moja moja, lazima kutakuwa na kauli za kweli ambazo mfumo huo hautazithibitisha kamwe. Alilieleza jambo hilo mbele ya wenzake kwenye kolokiamu Januari 1931. Menger mwenyewe hakuwepo! Alikuwa Marekani, akifundisha Houston. Msaidizi wake, Georg Nöbeling, akamwandikia. Menger anasimulia katika kumbukumbu za maisha yake kwamba aliisimamisha mihadhara yake ili awaeleze watu wa Texas kilichotokea Vienna. Nikilinganisha na semina ninazozijua, zile ambazo mwenyekiti akisafiri kikao kinaahirishwa, naona hapo palikuwa na kitu kilichosimama kwa miguu yake.

Lakini Gödel ana waandishi wake wengi. Mtu aliyenishika mimi ni Abraham Wald.

Wald alizaliwa mwaka 1902, sawa na Menger, katika mji ambao leo ni Cluj, Romania, katika familia ya Kiyahudi iliyoshika dini kwelikweli. Shule ilifunguliwa hata Jumamosi, na Jumamosi kwao ni Sabato, basi alisomea nyumbani. Alifika ofisini kwa Menger mwaka 1927 akiongea Kijerumani chenye lafudhi nzito ya Kihungaria, akitaka kusoma jiometria. Darasani alionekana kwa nadra. Kisha siku moja akarudi na swali gumu alilopewa likiwa limejibiwa. Mwaka 1931 akapata udaktari wake.

Halafu? Halafu hakuna. Vienna ya miaka ile chuo hakikuwa na kazi kwa Myahudi mgeni, awe na kichwa cha namna gani. Kolokiamu ilimpa watu wa kuzungumza nao na mahali pa kuchapisha, mkate haikuweza. Menger akahangaika mlango kwa mlango mpaka akampata Karl Schlesinger, mwenye benki aliyependa nadharia za uchumi, ambaye alikubali kumlipa Wald amfundishe hisabati. Baadaye Oskar Morgenstern naye akampa kazi katika taasisi yake ya utafiti wa uchumi. Kolokiamu yenyewe ilitafuta fedha kwa namna ambayo ningependa kuiona kwetu: Menger na wenzake waliandaa mfululizo wa mihadhara ya wazi kuhusu migogoro ya sayansi, wakauza tiketi kwa bei iliyolingana na ya opera, na watu wa Vienna wakalipa, wakajaa. Mapato yakasaidia kazi za vijana. Hisabati kwa bei ya opera, bwana.

Sasa ona yaliyozaliwa na ajira hii ya kuungaunga. Schlesinger, mwanafunzi tajiri, alikuwa na swali lake la kiuchumi akalileta kwenye kolokiamu mwaka 1934. Wachumi walikuwa wameandika soko kama rundo la milinganyo: bidhaa nyingi, bei nyingi, kila kitu kinategemea kingine. Walijiridhisha kwa kuhesabu: milinganyo ni mingapi, visivyojulikana ni vingapi, vikilingana basi bei zipo. Mwanahisabati akisikia hivyo anashika kichwa. Milinganyo inaweza kulingana idadi na visivyojulikana na bado isiwe na jibu, au jibu likawa bei chini ya sifuri, yaani muuzaji akupe nyanya na hela juu. Schlesinger akapendekeza irekebishwe: bidhaa ama ni adimu na ina bei, ama imezidi na bei yake ni sifuri. Wald akachukua kutoka hapo, akathibitisha kwamba, kwa masharti fulani, bei za kusawazisha soko zipo kweli. Inasemwa na wanaojua kwamba huo ndio uthibitisho wa kwanza wa aina yake.

Na kumbukumbu za kikao zimehifadhi kitu kidogo kizuri. Baada ya mada ya Wald, Gödel, yule mkimya, aliongeza neno: kwamba mahitaji ya mtu sokoni yanategemea kipato chake, na kipato chenyewe kinategemea bei. Mtaalamu wa mantiki ameinua mkono katika habari za soko, na maoni yake yakabeba kiini cha kazi ambayo wachumi walikuja kuifanya miaka mingi baadaye. Laiti Menger asingekuwa mtu wa kuandika, neno hilo lingebaki ukutani mwa chumba kile.

Lakini kulikuwa na nje ya chumba. Februari 1934 serikali ya Austria ilipiga mizinga nyumba za wafanyakazi katika mji huohuo. Hans Hahn, mwalimu wa Menger, akafa mwaka huo. Olga Taussky, mmoja wa wanawake wachache katika kundi, akaondoka kwenda Marekani, kisha Uingereza. Nöbeling alikwisharudi Ujerumani mwaka 1933, akapata nafasi chini ya utawala mpya. Tarehe 22 Juni 1936 Moritz Schlick, mwanafalsafa aliyeongoza mduara wa Alhamisi ambao Menger na Gödel nao walihudhuria, aliuawa kwa risasi kwenye ngazi za chuo na mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Magazeti mengine yakamtetea muuaji. Menger akaanza kutafuta njia ya kutoka, na mwaka 1937 akahamia Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani.

Toleo la nane lilitoka mwaka huo. Ndani yake kuna makala ya John von Neumann kuhusu uchumi unaokua, makala ambayo Menger aliiomba, na ambayo ikabadilisha namna wachumi wanavyotumia hisabati. Toleo la tisa halikutoka. Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria, na siku hiyohiyo Schlesinger akajiua.

Wald alikuwa ameshaandika makala mbili kuhusu bei na soko, zote zimo kwenye *Ergebnisse*. Ilikuwepo ya tatu. Tunajua ilikuwepo kwa sababu aliitaja mwenyewe mahali pengine. Ilikuwa isubiri toleo linalofuata. Haijapatikana. Mwaka 1954 Kenneth Arrow na Gérard Debreu walichapisha uthibitisho wao wa jambo pana zaidi, wakimtaja Wald, na kila mmoja kwa wakati wake akapata Tuzo ya Nobel. Kilichokuwa ndani ya ile karatasi ya tatu hakuna wa kumwuliza. Wald alifanikiwa kufika Marekani mwaka 1938. Wazazi wake na karibu ndugu zake wote waliuawa na Wanazi. Yeye mwenyewe alikufa pamoja na mkewe Desemba 1950, ndege ilipoanguka milimani kusini mwa India, akiwa katika safari ya mihadhara.

Pengine Wald unamjua bila kujua. Ile picha ya ndege ya vita yenye madoa mekundu inayozunguka mitandaoni inahusishwa na kazi yake ya wakati wa vita: usikague matundu ya ndege zilizorudi tu, fikiria zile ambazo hazikurudi. Nimeiona mara mia kwenye kurasa za wafundisha biashara. Sijamwona hata mmoja akitaja karatasi ya tatu.

Menger alijaribu tena. Notre Dame alianzisha kolokiamu nyingine, akachapisha ripoti zake pia kwa miaka kadhaa, na mwaka 1939 Gödel alikuja kufundisha huko kwa muhula mmoja. Haikuwa Vienna. Menger alihamia Chicago, akaishi hadi 1985. Kumbukumbu zake za miaka ile zilitoka mwaka 1994, na ukizisoma unahisi mtu anayeendelea kuhesabu waliokuwa chumbani.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu. Chumba hatukupata. Barua ya pili nayo ilitaka jina la mhadhiri atakayewajibika, na wahadhiri wawili walioombwa walisema wazo ni zuri sana, wakaishia hapo. Semina ikaanzia sebuleni kwangu, Jumamosi saa nne asubuhi, kwa ubao mweupe tuliouchangia watu watatu na ambao deni lake halijaisha. Walikuja watano. Nilijitolea kuandika kumbukumbu, kwa kuwa mle ndani mimi pekee sikuwa na mlinganyo wa kutetea, na nikamwambia rafiki yangu habari za Menger alipotaka kunicheka.

Ukurasa wa kwanza wa daftari lile una mwandiko wangu mbaya na alama za hisabati nilizonakili kama mtoto anavyonakili nembo ya shati. Mzungumzaji alikuwa amefika katikati ya uthibitisho wake, sehemu aliyoiandikia tasnifu kurasa kumi na moja, dada mmoja akauliza sharti la pili linahitajika kwa nini. Jamaa akageukia ubao. Akasimama hivyo muda mrefu, feni ikizunguka, mimi nikidhani nimekosa kusikia kitu.

Niliandika: "Swali: sharti la pili ni la nini? Jibu: hajui. Atalitafuta."

Akaniomba nikate hayo maneno ya mwisho. Nilikataa. Wiki mbili baadaye alirudi na kurasa nne badala ya kumi na moja, na sharti la pili halikuwepo. Kikao cha nne ni Jumamosi hii. Zamu ni ya yule dada, anashughulika na milinganyo ya maambukizi ya malaria, na ameniuliza mapema kama kalamu zangu za ubao bado zina wino.